Mitungi Iliyozidi Kipimo

Katika miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, nimeolewa kule Suna, na sikumwamini mtu yeyote aliyeshuka kutoka kwenye gari lenye maandishi mlangoni. Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema anasimuliwa na mtu wa namna gani. Walimu wenzangu walikuwa wakinitania kwamba hata mvua ikinyesha, mimi huuliza kwanza ni nani aliyeituma na anataka nini kwetu.

Sikuzaliwa hivyo. Mama yangu alikuwa mfinyanzi kule Kosele, na nilipokuwa bado msichana wa sekondari alikuja mgeni mmoja mwenye kamera, mtu wa adabu zake, akakaa uani kwetu asubuhi nzima akiipiga picha mitungi ya maji iliyokuwa ikikauka kivulini. Mama alijaribu kumwambia kwamba mtungi usiochomwa hausifiwi, maana ukisifiwa utapasuka motoni, lakini mgeni hakuijua lugha, akaendelea kusifu. Alinunua mmoja uliokwisha kuchomwa, akaaga, akaenda zake. Miaka michache baadaye nilikwenda Homa Bay kufuatilia karatasi zangu za ualimu, nikakalishwa kwenye benchi katika ofisi moja, na ukutani mbele yangu kulikuwa na kalenda. Picha ya mwezi wa Machi ilikuwa mtungi wa mama.

Niliujua kwa mabega yake. Mama alipamba mitungi kwa kubingirisha kamba ya katani iliyosukwa juu ya udongo mbichi: mizunguko miwili, kisha nafasi tupu ya upana wa vidole vitatu, kisha mzunguko mmoja wa mwisho. Nafasi ile tupu haikuwa ya mtu mwingine Kosele nzima. Chini ya picha waliandika kwamba hiyo ni sanaa ya Afrika. Kosele haikutajwa, mama hakutajwa. Nilimuuliza karani kalenda ile ilitoka wapi, akaniambia huletwa tu kila mwaka, nisubiri zamu yangu.

Nilipomsimulia mama, alicheka. "Kwa hivyo wameutundika ukutani? Watu wanauangalia wakifanya kazi zao? Basi vizuri." Akaendelea kuponda vigae vya mitungi iliyovunjika, ambavyo yeye alivichanganya na udongo mpya ili usipasuke. Yeye hakuona wizi wowote. Mimi niliuona, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi dada wa maji alipokuja, alinikuta tayari.

Hivyo ndivyo wanawake walivyomwita, dada wa maji. Alifika Kosele wakati wa likizo ya shule, nami nilikuwa nimekuja kumtembelea mama pamoja na binti yangu aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea. Alikuwa msichana wa Pwani, mwembamba, mwenye suruali na viatu vya raba, na Kiswahili chake kilikuwa cha aina tuliyozoea kuisikia redioni tu. Dholuo hakujua hata salamu. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, cha karibu na cha punguza kidogo, na wanawake wengi wa kikundi chao cha ufinyanzi hawakumzidi. Mwalimu yupo likizoni, anakaa bure, wakasema. Nikafanywa mkalimani.

Alichokileta kilikuwa mchoro. Wataalamu wa mradi wao walikuwa wamegundua kwamba maji hayachafuki mtoni peke yake. Yanachafuka zaidi nyumbani, kila mtu anapochovya kata ya kibuyu mtungini pamoja na vidole vyake. Kwa hiyo walitaka mtungi wenye mdomo mwembamba ambao mkono hauwezi kupita, wenye kifuniko, na chini yake mfereji mdogo wa plastiki wa kufungulia maji. Ndani ya maji ingetiwa dawa, kizibo kimoja kwa siku, kuua vijidudu vya kuharisha. Wangeweza kugawa ndoo za plastiki, alisema, lakini watu wa huku wanapenda maji yaliyopoa kwenye udongo, na hawataacha mitungi yao kwa ajili ya ndoo.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja wao akamgeukia kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Lakini madam, hii mtungi iko na shimo! Sisi mtungi ikitoboka tunawekea kuku ikalie mayai." Dada wa maji naye akacheka. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameuchukua ule mfereji wa plastiki, anauzungusha vidoleni, anapima unene wake kwa kucha.

Wiki iliyofuata sikumpata mama kwa lolote. Udongo hunywea unapokauka na plastiki hainywei, na hapo ndipo palipomsumbua. Mtungi wa kwanza ulipasuka kabla haujafika motoni. Wa pili na wa tatu ilipasukia motoni, katikati ya nyasi na samadi, tukasikia mlio, mama akasonya. Wa nne ulivuja. Kisha akawaza kulijengea tundu kola ya udongo, nene kama mdomo wa mtoto anayenuna, na kulitoboa kubwa kuliko linavyohitajika ili likinywea lije lenyewe kwenye saizi. Wa tano haukuvuja hata tone. Mama aliuweka juu ya kigoda, akaufungua, maji yakatoka, akaufunga, yakakatika. Akaufungua tena. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahia kitu namna ile.

Nami nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini nilikuwa nikimtazama dada wa maji. Kila mama alipogundua jambo, yeye aliandika kwenye daftari lake. Kola, aliandika. Vigae vilivyopondwa laini zaidi, aliandika. Nilijiuliza daftari lile litaishia ukuta gani.

Siku ya mwisho kabla hajarudi Oyugis alikopanga chumba, alinivuta kando, tukasimama karibu na jivu la kuchomea mitungi. Alikuwa na haraka, gari linamsubiri. Nakumbuka maneno yake vizuri kuliko ninavyopenda.

"Mwalimu, kuna jambo moja ambalo ni kubwa kuliko yote, naomba uwaeleze wewe kesho, kwa lugha yao, taratibu. Mtungi uchukue lita ishirini. Usipungue, usizidi. Kizibo kimoja cha dawa ni cha lita ishirini. Maji yakizidi, dawa inakuwa nyepesi, vijidudu vinabaki, na mtu anakunywa akidhani yuko salama. Wewe ni mtu wa hesabu, utawaeleza kuliko mimi."

Nikasema sawa, nitawaeleza.

Kesho yake niliwakusanya wanawake, nikawaambia, "Wanataka lita ishirini." Basi. Wengi waliridhika na hilo, kwa kuwa dada wa maji alikuwa amewaachia uzi wenye mafundo wa kupimia tumbo la mtungi, nao waliufuata. Mama hakuwahi kupima mtungi kwa uzi maishani mwake. Alipima kwa mikono na kwa jicho. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Kwa nini ishirini? Hiyo ni dapi, kimtungi cha kuchezea watoto. Mgeni akija na wenzake watatu watakunywa nini?"

Sababu nilikuwa nayo mdomoni. Niliambiwa nieleze, nikaahidi, na nilikuwa nimeielewa, maana ni hesabu ya uwiano, ile ile niliyokuwa nikiwachapia watoto wa watu darasani. Lakini sikuiamini. Niliona nimeng'amua jambo ambalo dada yule alidhani sisi washamba hatutalijua: mtungi ukiwa mdogo, dawa yao itaisha haraka, na watu watarudi kununua nyingine. Nikamwambia mama, "Wanataka iwe midogo ili wauze dawa. Wewe ongeza tumbo. Nani atapima?"

Mama alifurahi, na furaha yake haikuwa na hila hata chembe. Kwetu ukimuuzia mtu maharagwe, unajaza gorogoro, kopo la kupimia, kisha unaongeza kiganja kimoja juu, na asiyeongeza anasemwa soko zima. Mtungi uliokatwa sawasawa na kipimo ulimwaibisha mama kama gorogoro lisilo na kiganja cha juu. Akaongeza tumbo. Akaliongeza kwa ustadi hivi kwamba kwa macho usingejua, kwa sababu mdomo ulikuwa mwembamba na mabega yalishuka polepole, na ile nafasi tupu ya vidole vitatu ikalidanganya jicho.

Mtungi wake mzuri kuliko yote nilipewa niupeleke Suna kwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe alikuwa mjane mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Mume wangu alifanya kazi Kisumu na kuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi na mtoto. Hakunichukia, ila alinichunguza. Niliongea Kiingereza kingi mno kwa kipimo chake, na nilikuwa na mtoto mmoja tu. Aliniita nyar Kosele, binti wa Kosele, kama wake wote wanavyoitwa kwa walikotoka, na kila aliponiita nilisikia kwamba bado sijawa wa Suna. Mimi nami nilimchunguza vivyo hivyo, tukaishi.

Nilidhani angeukataa mtungi wenye tundu. Kumbe aliuzunguka mara mbili, akapapasa mabega yake, akasema, "Yawa! Mama yako ana mikono." Akauweka sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka redio. Majirani wakaja kuuona. Kwa ajili ya mtungi tu, dawa nayo ikakubaliwa. Nimelifikiria jambo hili sana baadaye. Wangemletea chupa ile ya dawa peke yake, na harufu yake ya kufulia mashuka, angeimwaga nyuma ya choo. Aliipokea kwa sababu ilikuja na kitu kizuri, na kwa sababu kitu hicho kilimpa fahari ya kukionyesha.

Wanawake kwenye kisima cha Suna walisema dawa ile inafunga kizazi. Uvumi huo sikuuanzisha mimi, lakini nilipoulizwa kama mwalimu nilijibu kwamba hakuna cha bure duniani, jibu ambalo lilikuwa petroli juu ya moto. Mama mkwe aliposikia, alisema mbele yao wote, "Changu kilifungwa na miaka. Nipeni maji yangu baridi." Tangu hapo, kila asubuhi alimimina maji mtungini, akapima dawa kwenye kizibo, akiinua juu machoni ili isipungue wala kumwagika. Hakuwahi kukaa darasani, na alifuata maelezo kama askari. Alimimina jerikeni moja ya lita ishirini, kisha karibu nusu ya jerikeni ya pili, mpaka mtungi ujae. Nilimwona akifanya hivyo kila siku kabla sijaenda kufundisha hesabu.

Na binti yangu aliupenda mfereji ule. Alikuwa ameshakaza miguu, akajua kuufungua mwenyewe, akawa anakunywa hata asipokuwa na kiu, akiweka kikombe chake cha bati chini na kusubiri kwa uso wa mtu mwenye kazi muhimu. Bibi yake alimcheka na kumwachia.

Kisha zikaja zile mvua kubwa zilizokataa kuisha. Watu wa Nyanza wa rika langu wanazikumbuka. Vyoo vilifurika, kisima chetu kikageuka rangi ya chai ya maziwa, barabara ya kuelekea mpakani ikakatika mara mbili. Mama mkwe aliyachuja maji kwa leso, akatia kizibo chake kimoja, akafunika.

Ijumaa moja asubuhi mtoto aliamka anaharisha maji matupu. Kufika saa nne macho yalikuwa yameingia ndani, na nilipoifinya ngozi ya tumbo lake ilibaki imesimama. Tulimpeleka hospitali tukipokezana, mama mkwe akiwa mbele kwenye matope bila viatu, mzee yule, nami nyuma yake. Muuguzi alihangaika kuupata mshipa. Alichoma mkono, akachoma mguu, mwisho akanyoa upande wa kichwa na kuchomeka sindano hapo. Nilikuwa nimemshika mtoto wangu kichwa chake kitulie, na hakuwa hata na nguvu ya kulia. Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kuandika.

"Maji ya kunywa mnatoa wapi?" muuguzi aliuliza.

"Tunatia dawa," mama mkwe akajibu upesi, kwa Kiswahili, karibu kwa hasira. "Kila siku mimi natia dawa. Uliza huyu."

Na mimi, katikati ya hofu ile, nilikuwa na kasehemu kadogo moyoni kalikokuwa kakisema: nilijua, nilijua dawa yao ni maji matupu yenye harufu tu, nilisema. Nilikuwa nikimshika mwanangu na bado nilitaka kuwa nimeshinda.

Jumapili mtoto aliomba kula ndizi. Tukarudi nyumbani. Na siku chache baadaye dada wa maji akaja Suna, kwa sababu alikuwa akizitembelea nyumba zote zenye mitungi na alikuwa amesikia habari zetu.

Nilimpokea mlangoni na maneno niliyoyaandaa. Nilimwambia dawa yake nusura iniulie mtoto. Hakunibishia. Alisema pole, akamwangalia mtoto kwanza, akauliza anakula nini. Kisha akatoa kwenye mkoba kichupa cha kioo chembamba kama kidole na vidonge vidogo. Alifungua mfereji wa mtungi wetu, akakinga maji kidogo kwenye kichupa, akatia kidonge, akatikisa. "Dawa ikiwa ya kutosha, yatakuwa ya waridi," alisema.

Tulisubiri. Maji yakabaki meupe.

"Mnaona?" nikasema. "Dawa yenyewe ni feki."

Akachukua maji mengine kwenye kikombe, akatia dawa kidogo kutoka chupa ile ile ya mama mkwe, akapima. Yakawa ya waridi mpaka yakawa karibu mekundu. Mama mkwe akasogea kuyaona, akaguna. Dada wa maji akauzunguka mtungi, akautazama tumbo. Akaomba jagi ya lita moja.

Alimwaga maji yote ya mtungi, akaanza kuujaza upya, jagi moja baada ya nyingine, na mama mkwe akawa anahesabu kwa Dholuo kwa sauti. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Alipofika piero ariyo, ishirini, mdomo wa mtungi ulikuwa bado mbali. Akaendelea. Kwenye ishirini na tatu nilitaka kutoka nje. Mtungi ulijaa kwenye ishirini na tisa.

"Kwa maji safi huenda ingetosha kwa shida," dada wa maji alisema. "Kwa maji haya ya mvua, hapana." Hata leo, nikitaka kujihurumia, najiambia kwamba mtoto angeweza kunywa maji ya mtaro, au kula tope, kama watoto wote. Inawezekana. Lakini siku ile sikujiambia hivyo.

Akauliza mtungi ulifinyangwa na nani. Mama mkwe akajibu kabla yangu, "Ni mama yake." Akanitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye, na tangu aniozeshe mwanawe alikuwa amenitazama kwa namna nyingi.

Tulikwenda Kosele siku ile ile, kwenye gari la mradi, dada wa maji mbele, sisi wawili nyuma na mtoto mapajani mwa bibi yake. Njiani dada wa maji aligeuka akanieleza, kwa upole, jinsi mambo yalivyo. Kama mfinyanzi hakuelezwa sababu ya kipimo, kosa si lake, ni la mradi na la yule aliyetumwa kueleza, na yeye ataliandika hivyo. Kama alielezwa akazidisha, basi hatafinyanga tena mitungi ya mfereji, kwa sababu nyumba nyingine zina mitungi yake na lazima ikusanywe ivunjwe. "Lakini wewe ulimweleza," akasema. "Najua ulimweleza." Hakusema kwa kunitega. Aliniamini. Ndilo jambo lililonichoma kuliko yote, kwamba katika watu wote wa kisa hiki, ni mimi tu niliyekuwa nikiwashuku wengine, na hakuna aliyewaza kunishuku mimi.

Nilipanga kusema. Nilipanga mpaka maneno. Lakini mama mkwe alikuwa pale, goti lake linagusana na langu, anampepea mjukuu kwa ukingo wa leso, na anakijua Kiswahili cha kutosha. Nyar Kosele alijua dawa haitoshi, akamwangalia mtoto akinywa. Hivyo ndivyo ingesimuliwa Suna, na isingekuwa uongo. Mwanamke hubaki vipi katika boma baada ya hapo? Nikanyamaza tukapita Oyugis, nikanyamaza tukafika.

Mama alimpokea mkwe wake kwa heshima zote, akamtolea kiti chenye mgongo, yeye akakaa chini kwenye mkeka, miguu kaikunja. Alimchukua mtoto, akaona upande wa kichwa ulionyolewa, akaugusa kwa mgongo wa kidole, kwa kuwa viganja vilikuwa na udongo. Mitungi sita mibichi ilikuwa kivulini nyuma yake, matumbo yote makubwa.

Dada wa maji aliongea taratibu, akanisubiri nitafsiri. Alieleza kichupa na rangi ya waridi. Alieleza lita ishirini na tisa. Nilitafsiri yote. Mama alisikiliza bila kupepesa, na alipofahamu kwamba tumbo lile alilolikunjua kwa ukarimu ndilo lililodhoofisha dawa, aliinama akamtazama mtoto tena, kwa muda mrefu.

"Sasa muulize," dada wa maji akaniambia. "Je, kabla hajaanza kazi, alielezwa kwa nini ziwe lita ishirini?"

Nikamuuliza mama kwa Dholuo.

Mama akaniinulia macho. Sikuona hasira ndani yake. Niliona tu kwamba amejua yote, papo hapo, kuanzia siku ile nilipomwambia aongeze, na kwamba ananiuliza swali moja: je, huyu anajua? Na bila kugeuza kichwa alipeleka macho kwa mama mkwe wangu aliyekaa kitini, wima, akisubiri jibu. Kisha akayarudisha kwangu.

"Mwambie nilielezwa," akasema, kwa sauti ya kutosha kufika kwenye kiti. "Mwambie mwanangu alinieleza vizuri, mara mbili, akanisihi. Mimi ni mzee, nikasahau."

Mama mkwe akashusha pumzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mkwe wangu," akasema, "kusahau si kosa." Lakini alisogeza kiti chake nyuma kidogo, na akanyoosha mikono arudishiwe mtoto. Mama akampa.

Dada wa maji alikuwa ameshika kalamu, ananingoja. Nikageuka nikamtafsiria kila neno: alielezwa vizuri, mara mbili, akasahau. Akaandika.